SOMO LA MAKATIBU: KUUJENGA MTI WA USHIRIKA KUTOKA KATIKA JEDWALI

Muundo wa ushirika ni kama mti. Chama kikuu ni shina, vyama vya msingi ni matawi, na vituo vya kununulia mazao ni vitawi. Lakini jedwali la kompyuta ni mistari mitupu, mmoja chini ya mwingine. Somo hili laeleza jinsi lugha ya SQL inavyoujenga mti huo, na jinsi katibu awezavyo kutambua tawi lililokatika.

1. Jedwali
Kila chombo huandikiwa mstari mmoja wenye namba yake, kilo zilizopokewa, na namba ya mzazi, yaani chombo kilicho juu yake. Kwa mfano, chama kikuu ni namba 1, nacho hakina mzazi. Vyama vya msingi 2 na 3 viko chini ya 1. Vituo 4 na 5 viko chini ya 2. Kituo 6 kiko chini ya 3. Kituo 4 kimepokea kilo 1,200, kituo 5 kilo 800, na kituo 6 kilo 1,500. Jumla ni kilo 3,500.

2. Ulizo
Amri itumikayo ni WITH RECURSIVE. Ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa UNION ALL. Ya kwanza huchagua shina, yaani mstari usio na mzazi. Ya pili hutafuta kila mstari ambao mzazi wake amekwisha kupatikana, nayo hurudiwa mpaka pasipatikane mstari mpya. Amri hii iliingia katika kanuni za SQL mwaka 1999. PostgreSQL iliipokea mwaka 2009, na MySQL mwaka 2018.

3. Hatari
Ikiwa kituo 6 kimeandikiwa mzazi namba 8, ambaye hayupo, kompyuta haitatoa onyo. Mti utaonyesha kilo 2,000 tu, na kilo 1,500 za wakulima wa kituo hicho hazitaonekana katika taarifa. Vivyo hivyo, kama chama 3 kimeandikiwa mzazi 6, hali mzazi wa 6 ni 3, vyombo hivyo viwili vitazungukana vyenyewe, wala ulizo lililoanzia kwenye shina halitavifikia.

4. Kinga
Kanuni ya FOREIGN KEY ikiwekwa katika jedwali, hukataa mzazi asiyekuwapo. Hata hivyo haizuii mzunguko. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi taarifa yoyote ya malipo, katibu ahesabu mistari ya jedwali na mistari ya mti, kisha alinganishe jumla za kilo. Zikitofautiana, taarifa isipelekwe mpaka tawi lililokatika lipatikane.

Maswali ya kujadiliwa
(a) Kwa nini chama kikuu hakiandikiwi mzazi?
(b) Jedwali la mfano lina mistari 6. Katika kosa la kwanza mti utakuwa na mistari mingapi? Na katika la pili?
(c) Ni nani katika chama chenu anayeruhusiwa kubadili namba ya mzazi?