MADA YA 9: BARUA YA KIRAFIKI INAYOSINDIKIZA MZIGO

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kutaja sehemu za barua ya kirafiki kwa mpangilio wake;
(b) kuandika barua inayoeleza vitu vilivyotumwa bila kuzidisha wala kupunguza;
(c) kutumia kauli ya kutendea na upatanisho wa ngeli kwa usahihi.

9.1 Usuli

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Vijana hujiunga nalo kwa njia mbili: kwa kujitolea, au kwa mujibu wa sheria. Kundi la pili ni la wahitimu wa kidato cha sita. Mafunzo ya kundi hilo yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Moja ya makambi yanayopokea wahitimu hao ni JKT Kibiti, mkoani Pwani.

Kila mwaka tangazo la wito huambatana na orodha ya vitu ambavyo kijana anapaswa kwenda navyo. Miongoni mwake ni bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Mashuka mawili ya bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Trakisuti ya kijani au bluu. Pamoja na vyeti vinavyohitajika katika maombi ya elimu ya juu.

Angalia orodha hiyo vizuri. Rangi zimetajwa ili makuruta wafanane. Mtoto wa tajiri na wa mvuvi wasimame mstari mmoja bila kutofautishwa na nguo. Vyeti vimetajwa kwa sababu maombi ya vyuo na mikopo huweza kufunguliwa kijana akiwa bado kambini.

9.2 Swali la mfano

Kaka yako ni kuruta katika kambi ya JKT Kibiti. Ametuma ujumbe kwamba raba zake zimeraruka na kwamba alisahau nakala ya cheti cha kuzaliwa. Uongozi wa kambi umemruhusu kupokea vitu vitatu tu: raba za kijani jozi moja, soksi ndefu nyeusi jozi mbili na nakala ya cheti hicho. Wewe unaishi Kiomboni, katika delta ya Rufiji. Mwandikie kaka yako barua ya kusindikiza mzigo huo. Anwani yako iwe S.L.P. 30, Kibiti. Usiandike jina lako. Jiite “Mdogo wako”.

9.3 Kulielewa swali

Kabla ya kushika kalamu, jiulize mambo manne.

Nani anaandikiwa? Kaka. Kwa hiyo barua ni ya kirafiki, yenye anwani moja tu, ya mwandishi. Ukiweka anwani mbili na “YAH:” umeandika barua rasmi, na hukujibu swali.

Kipi kimeruhusiwa? Vitu vitatu. Neno “tu” ndilo linalobeba swali zima. Mtahiniwa anayeongeza chupa ya asali au simu ameonesha kwamba hakusoma. Kambini pia ni hivyo hivyo: kitu kisichoruhusiwa humweka pabaya kuruta aliyetumiwa, si aliyekituma.

Mzigo unapitia wapi? Mtu wa Kiomboni hutoka kwa boti mpaka Nyamisati, kisha hushika barabara mpaka Bungu, halafu Kibiti. Boti hufuata maji. Ukisema baba ataondoka wakati maji yamekupwa, msomaji wa delta atakucheka.

Barua ifanye kazi gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Huandika orodha, wakamaliza. Lakini orodha ingetosha kuandikwa kwenye karatasi ya kufungia mzigo. Mzigo umewekewa mipaka, barua haikuwekewa. Mapenzi ya nyumbani ambayo hayakupata nafasi kwenye mfuko yatiwe kwenye barua.

9.4 Muundo

Barua ya kirafiki ina sehemu saba: anwani ya mwandishi, tarehe, mtajo wa mwandikiwa, utangulizi wenye salamu, kiini, hitimisho, na jina la mwandishi. Anwani na tarehe hukaa juu upande wa kulia.

9.5 Barua ya mfano

Kiomboni,
S.L.P. 30,
KIBITI.
22 Juni, 2024.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mazoezi unayamudu. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, lakini shambani anakwenda. Idi tuliswali bila wewe, na sahani yako mama aliiweka mkekani kama kawaida. Hakuna aliyeigusa.

Ujumbe wako tuliupata. Ndani ya mfuko huu nimekutumia vitu vitatu kama ulivyotuambia: raba za kijani jozi moja, soksi ndefu nyeusi jozi mbili, na nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Cheti kimo ndani ya bahasha, na bahasha imefungwa kwa nailoni mara mbili kwa sababu maji ya boti unayajua. Ukikipokea, kitazame tarehe na jina kabla ya kukiweka, usije ukakwama siku ya kuomba chuo.

Raba ni namba moja zaidi ya ile uliyozoea. Baba alisema miguu ya mtu anayekimbia kila siku huvimba. Zikikupwaya, vaa soksi zote mbili.

Mama alikukaangia samaki na kuwafunga vizuri kwenye majani. Nilimsomea ujumbe wako mara mbili, mpaka pale uliposema “vitu vitatu tu”. Hakusema kitu. Aliwatoa samaki mfukoni, akatuambia tule. Tulikula, kaka, lakini hawakuwa watamu. Amesema siku utakayorudi atakaanga wengine, na wewe ndiye utakayechagua kichwa.

Mpunga tumeanza kuvuna. Zamu yako ya kulinda ndege nimeishika mimi, na sauti imenikauka. Baba ataondoka kesho alfajiri kabla maji hayajapwa, kwani sasa ni bamvua na mchana mto hautapitika. Akifika getini atafuata utaratibu wa afande atakayemkuta. Kama hataruhusiwa kukuona, usihuzunike. Jua kwamba alifika.

Nisalimie wenzako. Tunakuombea umalize salama.

Mdogo wako akupendaye,
Mdogo wako.

9.6 Kwa nini barua hii inafaulu

Kwanza, vitu vitatu vimetajwa kwa idadi na rangi, kwa mpangilio uleule wa swali. Kaka anaweza kuusoma mstari huo na kuhakiki mfuko. Pili, kila kitu kina maelezo yenye faida: kwa nini raba ni kubwa, kwa nini bahasha imefungwa. Tatu, samaki wametajwa bila kutumwa. Mwandishi ameonesha upendo wa mama na wakati huohuo ametii masharti. Nne, mazingira ni ya kweli: boti, maji, mpunga. Tano, kaka ametayarishwa kwa jambo gumu, yaani baba kutoruhusiwa kuonana naye.

9.7 Makosa ya kuepuka

(i) Kutuma na kutumia. Tazama sentensi hizi:
Si sahihi: Nimekutuma raba.
Sahihi: Nimekutumia raba.
“Nimekutuma” maana yake nimekuagiza wewe uende mahali. Ukimpelekea mtu kitu, tumia kauli ya kutendea: tum-i-a. Kumbuka kwamba “tumia” pia ni kufanyia kitu kazi, kama katika “tumia raba hizi asubuhi”. Muktadha ndio unaotofautisha.

(ii) Upatanisho. Raba na soksi ziko katika ngeli ya I-ZI: raba zimefungwa, soksi zimo. Cheti na kitu ziko katika KI-VI: cheti kimo, vitu vilivyoruhusiwa. Shuka hutumika katika LI-YA: shuka hili, mashuka mawili yamefuliwa.

(iii) Salamu ndefu. Mtahiniwa anayejaza nusu ukurasa kwa “natumaini u mzima wa afya kama mimi nilivyo mzima” hubaki bila nafasi ya kiini. Sentensi nne au tano zinatosha.

(iv) Ahadi zisizo na msingi. Usiandike “wiki ijayo nitakutumia simu”. Swali halikuruhusu, na kambi pia haikuruhusu.

9.8 Zoezi

1. Taja tofauti mbili za kimuundo kati ya barua ya kirafiki na barua rasmi.
2. Sahihisha: “Nimekutuma shuka mbili zilizofuliwa, na cheti imo ndani.”
3. Katika barua ya mfano, sentensi ipi inaonesha kwamba mwandishi anafahamu mazingira ya delta? Eleza.
4. Dada yako ni kuruta katika kambi iliyo kwenye nyanda za baridi. Ameruhusiwa kupokea trakisuti moja ya bluu na mashuka mawili ya bluu bahari. Bibi anataka umwekee na blanketi lenye maua. Andika barua ya kusindikiza mzigo huo.

Majibu

1. Barua rasmi ina anwani mbili, ya kirafiki ina moja. Barua rasmi ina kichwa cha habari, ya kirafiki haina.
2. Nimekutumia mashuka mawili yaliyofuliwa, na cheti kimo ndani.
3. “Baba ataondoka kesho alfajiri kabla maji hayajapwa, kwani sasa ni bamvua na mchana mto hautapitika.” Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, hivyo yakipwa boti hukwama.
4. Zingatia sehemu saba za barua. Taja trakisuti na mashuka kwa idadi na rangi. Blanketi lisitumwe, lakini dada ajue kwamba bibi alilileta, na kwamba linamngoja nyumbani.