Kula kwa Ajili ya Kufunga: Sheria ya Mayahudi na Daku Letu

Ndugu zangu katika imani, Qur'ani (2:183) inatueleza kuwa saumu iliandikwa pia kwa waliokuwa kabla yetu. Je, Mayahudi huuandaaje mwili?

Saumu yao kubwa ni Yom Kippur, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri. Huanza kabla ya jua kuzama na kwisha usiku wa siku inayofuata, takriban saa 25 bila chakula wala maji. Usiku huo hawana daku. Kwa hiyo maandalizi hufanyika tarehe 9, na Talmudi, katika kitabu cha Yoma, inafundisha kuwa anayekula na kunywa siku hiyo huhesabiwa kama aliyefunga siku zote mbili. Kula kwenyewe kumekuwa ibada. Yosef Karo, mwanachuoni wao wa karne ya 16, aliongeza adabu: chakula kiwe chepesi, mtu asiingie kwenye sala ameshiba na kujikweza.

Kwetu sisi, Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kuwa kinachotenganisha saumu yetu na ya Watu wa Kitabu ni daku. Basi anayejisifu bwenini kuwa hufunga bila daku, kisha akasinzia darasani, hajazidisha thawabu. Ameacha sunna yenye baraka. Ukikosa chakula, hata funda la maji kabla ya alfajiri ni daku. Amka, unywe, utie nia.

Wabillahi tawfiq.