Tukae nyuma, tushambulie vipi?

Swali: Timu yetu ya mtaa inataka kukaba na kushambulia kwa kushtukiza. Tucheze 4-4-2 au 5-3-2?

Jibu: Mkiwa na mawinga wenye mbio, chezeni 4-4-2. Ndiyo iliyowapa Leicester City ya Claudio Ranieri ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2015/16. Mabeki wa kati Morgan na Huth walibaki karibu na boksi lao, wakiondoa krosi kwa vichwa. Kiungo Kanté akishapora mpira, mwenzake Drinkwater hakuukalia: pasi moja ndefu nyuma ya mabeki, mshambuliaji Vardy keshachomoka. Mshambuliaji mwenzake Okazaki, ambaye wengi humsahau, alirudi kumbana kiungo wa wapinzani. 5-3-2 inafaa mkikosa mawinga, ila mabeki wa pembeni watachoka kupanda na kushuka. Kabla ya yote, mtafuteni mpiga pasi ndefu. Bila yeye mshambuliaji wenu atashinda anasubiri.