SOMO LA ROBO HII: KUMPOKEA MBWA ASIYE NA MWENYEWE



Katika somo hili tunajifunza namna familia inavyoweza kumchukua mbwa aliyetelekezwa akawa mlinzi wa nyumba bila kuhatarisha watoto. Kwingine nchini kuna vituo vinavyohifadhi mbwa wa namna hii, kwa mfano Mbwa wa Africa huko Usa River, mkoani Arusha. Kwetu Rungwe mbwa huokotwa sokoni, stendi au migombani, na kazi ambayo ingefanywa na kituo inabaki kwa anayemchukua. Hapo ndipo kamati inapohitajika.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kichaa cha mbwa hakina tiba. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo 59,000 duniani kila mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na wengi wanaokufa ni watu wa vijijini, hasa watoto.

Wengi hudhani dawa ni kuua mbwa koko. Lakini wakiuawa, wengine huingia kuchukua nafasi yao, na hata waliokwisha kuchanjwa huuawa pamoja nao. Kinachozuia ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kisiwani Pemba chanjo iliuondoa ugonjwa mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 mbwa walichanjwa tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 ukatoweka.

Mbwa koko hukosa chanjo kwa sababu hana wa kumpeleka. Akipata mwenyewe, anahesabika katika ile asilimia 70. Hivyo familia moja inayompokea mbwa vizuri inakilinda kijiji kizima.

2. Tumpokee kama mtamba wa mradi

Wengi wetu tunaufahamu utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Hakuna anayekabidhiwa mtamba kabla ya kujenga banda, kupanda majani na kuhudhuria mafunzo. Kwa mbwa pia tutangulize maandalizi:

(a) Familia ikubaliane nani atamlisha kila siku, na ijenge kibanda kisichovuja. Mvua za Rungwe tunazijua.

(b) Mbwa anayetokwa mate mengi, anayeyumba au anayeuma bila kuchokozwa asiguswe. Apewe taarifa afisa mifugo wa kata.

(c) Mbwa anayeonekana mzima apelekwe kwa afisa mifugo mara moja kwa chanjo na dawa za minyoo. Kwa kuwa dalili huweza kuchelewa wiki kadhaa au hata miezi, atengwe na watoto kwa muda ambao mtaalamu ataelekeza.

(d) Kadi ya chanjo itunzwe, na chanjo irudiwe kila mwaka.

(e) Dume ahasiwe na jike afungwe uzazi pale huduma inapopatikana, ili tusiokote mmoja leo na kutupa watoto sita mwakani.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Nayo Mithali 12:10 inatufundisha kwamba kumjali mnyama ni sehemu ya haki.

3. Mtu akiumwa

Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu. Tusisubiri dalili, na tusianzie kwa mganga wa kienyeji.

4. Nafasi ya wafadhili

Chanjo ya mbwa mmoja hugharimu kidogo sana kuliko dozi za mtu mmoja aliyeumwa. Nauli ya mtaalamu, barafu ya kutunzia chanjo na kamba za kuwashikia mbwa ni mahitaji madogo, lakini yakikosekana siku ya chanjo hupita bure.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wana kadi ya chanjo?
2. Ni familia zipi ziko tayari kumpokea mbwa, na nani atazitembelea?
3. Mtoto akiumwa usiku, nani atamfikisha hospitali, na kwa usafiri gani?