SOMO: SANDUKU LA HUDUMA YA KWANZA KWA FAMILIA INAYOSAFIRI



Wengi wetu husafiri kwenda Kigali kwa matibabu, kufuata karatasi au kuona ndugu. Mabasi mengi ya mikoani huishia Nyabugogo, katika sekta ya Muhima. Njia ina milima na kona nyingi. Mtoto akianza kuharisha au kutapika ndani ya gari, kituo cha afya kinaweza kuwa mbali. Tahadhari kabla ya hatari.

Vitu vya kuweka
1. Dawa za kila siku (presha, kisukari, kifafa, ARV). Hesabu siku za safari, kisha ongeza za siku tatu. Ziache katika pakiti zake.
2. Pakiti mbili za ORS, chupa ya lita moja ya maji safi, kikombe na kijiko.
3. Sabuni, bandeji, plasta, kitambaa safi, mkasi na glavu.
4. Parasetamoli, pamoja na kipimo ulichoandikiwa kituoni kwa kila mtoto.
5. Kadi za chanjo, na kadi ya kliniki ya mama mjamzito.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Tumia kopo lenye kifuniko au mfuko wa kitambaa. Usiuweke kwenye buti; ushike mkononi.

Namna ya kutumia
Kuharisha: changanya pakiti moja ya ORS na lita moja ya maji. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kumpa kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Maji hayo yakizidi saa 24, yamwage.

Damu: weka kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu dakika 10 bila kufunua. Usipake udongo, majivu wala kahawa.

Kuungua: mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Homa: parasetamoli hushusha joto, lakini haitibu malaria. Mtoto apimwe kabla ya saa 24 kupita.

Usingoje
Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au aliyelegea sana, apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Vivyo hivyo mjamzito anayetoka damu. Piga 912 kuita ambulansi. Sanduku hili husaidia mgonjwa afike kwa daktari; halichukui nafasi ya daktari.

Maswali ya kujipima
1. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na maji kiasi gani?
2. Kwa nini dawa za kila siku zisikae kwenye buti?
3. Mtoto mwenye homa amepewa parasetamoli na joto limeshuka. Je, bado anahitaji kupimwa?

Ukikosa jibu, muulize mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wako kabla ya kukata tiketi.