Somo la Kumi na Moja: Kiyoyozi cha Gari Kisichopoza

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto huwa kali katika kisiwa cha Unguja. Vichochoro vya Mji Mkongwe hupata kivuli cha majumba marefu ya mawe, lakini gari lililoegeshwa juani pale Darajani huwa kama tanuri. Ndiyo maana magari mengi hufungwa kiyoyozi.

Tuchukue mfano wa dereva anayepeleka abiria Nungwi, kaskazini mwa kisiwa. Siku moja aliona jambo la ajabu. Gari lilipokwenda kasi, kiyoyozi kilitoa hewa ya baridi. Liliposimama katika msongamano wa Darajani, hewa ile ikawa vuguvugu. Wenzake walimwambia, "Gesi imekwisha, tia nyingine." Dereva alikuwa na fedha za kutengeneza mara moja tu. Je, aufuate ushauri huo?

A. Jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi

Paka maji nyuma ya kiganja chako, kisha pulizia. Unahisi nini? Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya mtungi wa udongo hupoa: baadhi yake hupenya katika vitundu vidogo vya udongo na kugeuka mvuke.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje. Kazi hiyo hufanywa na gesi maalumu inayozunguka katika mabomba yaliyozibwa, kama ifuatavyo:

1. Kompresa, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda, huigandamiza gesi. Gesi huwa ya moto sana.
2. Gesi huingia katika kondensa, iliyo mbele ya rejeta. Upepo huchukua joto lake, nayo hugeuka kuwa kimiminika.
3. Kimiminika hupita katika tundu jembamba. Mgandamizo hupungua ghafla, nacho hupoa sana.
4. Kimiminika huingia katika evaporeta, nyuma ya dashibodi. Hapo hugeuka kuwa gesi tena na kuchukua joto la hewa ya ndani ya gari. Kisha gesi hurudi katika kompresa.

B. Jaribio: Upepo huondoa joto

*Vifaa:* vikombe viwili vinavyofanana, maji ya moto, vipimajoto viwili, kipepeo.

*Utaratibu:* Mwalimu atie maji ya moto yenye kiasi sawa katika vikombe vyote viwili. Pima halijoto ya kila kikombe. Pepea kikombe kimoja kwa dakika kumi. Kingine ukiweke mbali, mahali pasipo na upepo. Pima tena.

*Umegundua nini?* Maji yaliyopepewa yamepoa zaidi. Vivyo hivyo, kondensa isiyopata upepo haiwezi kutupa joto.

C. Kutafuta kasoro

Fundi mzuri hutazama dalili kwanza, ndipo hufungua gari.

(a) *Upepo ni wa baridi lakini ni kidogo.* Achunguze chujio la hewa na feni ya ndani.

(b) *Upepo ni mwingi lakini una joto wakati wote.* Atazame kama kompresa inazunguka na kama mkanda umekaza. Apime pia gesi.

(c) *Kuna alama za mafuta penye maungio ya mabomba.* Huenda gesi inavuja hapo pamoja na mafuta ya kompresa.

(d) *Baridi hupatikana gari likienda, na hupotea likisimama.* Achunguze kama kondensa imezibwa na uchafu, na kama feni yake inazunguka.

Dalili ya dereva wetu ni ipi? Ni (d). Gari likienda, upepo wa barabarani huipoza kondensa. Likisimama, ni lazima feni ifanye kazi hiyo. Fundi aliwasha injini na kiyoyozi, akaona feni imesimama. Ncha ya waya wake ilikuwa imeliwa na kutu, kwa kuwa hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Alipima gesi, akakuta inatosha. Waya ulitengenezwa, na baridi ikarudi. Kama dereva angeongeza gesi, mgandamizo ungezidi na kompresa ingeweza kuharibika.

D. Gesi haiishi kama petroli

Gesi ya kiyoyozi huzunguka tu, haitumiki ikaisha. Ikipungua, imevuja. Ni lazima kwanza kuziba tundu, ndipo gesi mpya itiwe. Mwaka 1987, mjini Montreal, Kanada, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi zilizoharibu tabaka la ozoni, ambalo hutukinga na miale hatari ya jua. Gesi zilizotumiwa badala yake haziharibu ozoni, lakini nyingi huongeza joto la dunia. Kwa hiyo mwaka 2016, mjini Kigali, Rwanda, mataifa yalikubaliana kuzipunguza nazo.

*Onyo:* Usifungue mabomba ya kiyoyozi. Gesi inayoruka yaweza kugandisha ngozi na kudhuru macho.

Maswali

1. Kwa nini maji ya mtungi wa udongo hupoa?
2. Joto la ndani ya gari hutupwa nje na sehemu gani?
3. Kwa nini kiyoyozi cha dereva kilipoza gari likiwa mwendoni tu?
4. Jirani yako hutia gesi katika kiyoyozi kila mwezi. Utamshauri nini, na kwa nini?