Dondoo muhimu: Tovuti yako inafunguka vipi Mbita?

Usiipime tovuti yako kwa kompyuta ya ofisini mjini Migori pekee. Chukua simu ya bei nafuu, washa data, uifungue ukiwa Muhuru Bay, Mbita au kisiwani Mfangano. Wateja wako wako huko.

Pia kuna zana ya Google ya kupima kasi ya tovuti, PageSpeed Insights, nayo ni ya bure. Huonyesha hali waliyokutana nayo wageni halisi kwa siku 28 zilizopita, mradi tovuti ina wageni wa kutosha. Tazama kwanza matokeo ya simu: picha au maandishi makubwa zaidi ya ukurasa yaonekane ndani ya sekunde 2.5, angalau kwa ziara 75 kati ya 100.

Muda ukizidi hapo, anza na picha, zipunguze uzito. Kisha rudi Mbita ukapime tena.